Tusiachane kwenye Baba Yetu

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe, na wale wa upande wa mama yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na salamu zote mbili makusudi kabisa, maana nimeshaona kwa macho yangu mtu anasalimiwa kwa mojawapo hapo anabana mdomo haitikii, kisa salamu hiyo sio ya kanisani kwao. Anayesifiwa ni huyo huyo mmoja!

Naandika kumjibu msomaji mwenzangu aliyesema kwenye ukurasa huu kwamba umoja wa Wakristo ni ndoto, eti mpaka madhehebu yote yakubaliane mafundisho ndo tutaweza kusali pamoja, na kabla ya hapo kila mtu abaki kwao. Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kiukweli hata mimi niliwahi kuwaza hivyo hivyo kwa miaka mingi. Ila naomba nikusimulie kitu.

Kwetu tumezaliwa watatu. Mama ni Mkatoliki tangu utotoni, kaka mkubwa aliokoka akaenda kanisa la kipentekoste, dada ni Msabato, mimi niliolewa kwa Walutheri nikabaki huko. Tukikutana nyumbani tulikuwa hatusali pamoja, tuliacha siku nyingi maana tukianza tu habari za Mungu dakika 10 haziishi tumeshapandishiana sauti, mara ubatizo wa watoto wachanga, mara Jumamosi na Jumapili, mara Bikira Maria, na mama amekaa pale pale anatusikiliza na rozari yake mkononi hasemi kitu. Sasa nikikumbuka ule ukimya wake naumia sana.

Mama akaja akaugua, akalazwa. Usiku mmoja hali ikabadilika tukaitwa wote, tukazunguka kitanda, akatuangalia akasema kwa sauti ndogo, wanangu nisalieni Baba Yetu. Kimya. Kaka akasema yeye ataomba, lakini sala za kukariri haombi. Dada akaangalia chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza nani aanzishe na kwa maneno ya kanisa gani, yaani mama yangu anapigania pumzi na mimi nawaza hilo. Basi mama akaanza mwenyewe. Ikabidi tufuate, hata kaka akafuata, na sauti zikawa zinapishana, yeye anasema ufalme wako ufike sisi tunasema uje, yeye anaomba mkate wa kila siku sisi tunaomba riziki, yeye kishawishi sisi majaribuni, mpaka akafika "utuopoe maovuni, Amina", akanyamaza, na sisi watatu tukawa tunaendelea peke yetu, kwa kuwa ufalme ni wako na nguvu na utukufu... tukashtuka katikati. Tumemwacha mama. Kaka ndiye aliyeanza kulia.

Alipopata nafuu nikaanza kufuatilia ile sehemu ya mwisho inayotuachanisha imetoka wapi. Kumbe maneno yale hayamo kwenye nakala za zamani kabisa za Injili ya Mathayo, ila yanafanana na yaliyomo kwenye Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo mwanzo kabisa, kwahiyo sio kitu cha kuokota. Na Wakatoliki wenyewe wanayasema kwenye Misa, isipokuwa padre kwanza anaingiza sala fupi pale katikati halafu ndo waumini wote wanaitikia kwamba ufalme ni wake na nguvu na utukufu. Kwahiyo kilichotutenganisha na mama pale kitandani ni pumzi mbili tatu tu. Sisi tuliifanya ukuta.

Msomaji mwenzangu, sisemi mafundisho hayana maana. Yana maana sana, na mtu anayeniambia tuyatupe yote ili tupendane simwamini pia. Lakini angalia yaliyotokea Marburg, Ujerumani, mwaka 1529. Luther, ambaye Walutheri tumetokana naye, na Zwingli, mwanamatengenezo mwenzake wa Uswisi, walikaa mezani, wakaandika hoja 15, wakakubaliana 14, na ile ya 15 wakakubaliana sehemu yake kubwa, kilichobaki ni namna Kristo alivyo katika mkate na divai ya Meza ya Bwana. Na wakaachana bila Luther kukubali kumpokea mwenzake kama ndugu katika ushirika mmoja! Watu wamekubaliana karibu kila kitu halafu wanaachana kwenye meza ile ile ambayo Yesu aliiweka ili tule pamoja, hilo mimi huwa linaninyima amani kabisa.

Na ona ilichukua muda gani kurudi. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani ndo wakasaini tamko la pamoja kuhusu mtu anavyohesabiwa haki kwa neema ya Mungu, jambo ambalo ndo lilikuwa kiini cha ugomvi tangu siku za Luther, na 2006 Wamethodisti nao wakajiunga na tamko hilo. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo, wasomi wale walisoma na kuomba na kuvumiliana miaka mingi. Ila hesabu mwenyewe, kuanzia 1517, Luther alipoanza kutoa hoja zake, mpaka 1999 ni miaka 482, na bado hata leo Mkatoliki na Mlutheri hawashiriki meza moja. Sasa ukiniambia nisubiri yote yaishe ndo nisali na mama yangu, mama yangu hana miaka 482.

Yesu usiku ule kabla ya kukamatwa aliomba kwa ajili ya watakaomwamini, ipo Yohana 17, kwamba wawe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki. Hiyo "ili" watu wanaipita haraka sana. Maana yake anayetuangalia yupo, anaweza kuwa mfanyakazi mwenzako ambaye hana dini, au jirani, au mtoto wako mwenyewe. Mwanangu aliniuliza siku moja, mama, mjomba akifa ataenda mbinguni tofauti na ya bibi? Sikuwa na jibu, na nilijua hilo swali kalitoa kwenye maneno yetu sisi watu wazima.

Halafu kuna wale vijana 21 waliouawa ufukweni Libya Februari 2015. 20 walikuwa Wakopti, yaani Wakristo wa kanisa la kale la Misri, na mmoja alitoka Ghana, na wote waliuawa kwa sababu moja tu, ni watu wa Msalaba, waliowaua hawakuwauliza walibatizwa kwa maji mengi au machache. Mwaka 2023 Papa Francis akawaingiza kwenye orodha ya mashahidi wa imani ya Kanisa Katoliki, ingawa hawakuwa Wakatoliki. Kumbe inawezekana! Ila kwanini tusubiri mtu auawe ndo tumwite ndugu, si tumwite akiwa hai tunakaa naye ofisi moja.

Na hapa nataka niseme na wachungaji na mapadre wanaosoma gazeti hili, kwa heshima zote, nyie ni wazazi wetu. Mahubiri ya kusema kanisa la fulani limepotea yanashangiliwa sana ibadani na mkitoka hapo yamesharekodiwa yanazunguka kwenye simu, lakini yanapoishia ni majumbani mwetu, kati ya mume na mke, kati ya kaka na dada. Nyie mnamaliza ibada mnaenda kupumzika, sisi ndo tunabaki na huo moto. Kama kuna fundisho mnaona mwenzenu kakosea fundisheni lililo sahihi kwa Biblia, tutaelewa tu, hakuna haja ya kumcheka mtu anayempigia magoti Mungu yule yule.

Suala la siku nalipitia haraka kwa sababu Paulo ameshaliandika vizuri Warumi 14, mmoja anaona siku moja bora kuliko nyingine, mwingine anaona zote sawa, na anayeiadhimisha anaiadhimisha kwa Bwana. Dada yangu Jumamosi haguswi, na mimi nimeacha kumpangia mambo ya familia siku hiyo. Basi, limeisha, wala hatukuhitaji mkutano.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hata ndani ya kanisa moja hatuwezani. Watu wa kwaya moja, wanaimba sauti ya pili wote, hawajasalimiana tangu uchaguzi wa viongozi. Wazee wa kanisa wanapishana mlangoni kama hawajuani, kisha wote wanapanga foleni kwenda kutoa sadaka. Mathayo 5 Yesu amesema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale mbele ya madhabahu uende kwanza mkapatane. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu ameacha bahasha yake pale mbele akatoka nje kumtafuta mtu. Hata mimi sijawahi, na ninao wawili ninaotakiwa kuwafuata, wiki hii naanza na mmoja, mniombee.

Kuna ile wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, nchi nyingi inafanyika Januari 18 mpaka 25, imeanza tangu 1908, nenda usikose ikiwepo karibu na wewe. Ila usiisubiri. Ukienda kumwona mgonjwa wa dhehebu lingine muulize anapenda tusali vipi, halafu sali hivyo, hutapungukiwa kitu. Msiba ukitokea wa mtu wa kanisa lingine ingia ndani kaa na wafiwa, usisimame nje ya ibada kama mgeni.

Mama bado yupo, Mungu ni mwema, anatembea taratibu. Sasa hivi tukikutana tunasali, kila mtu kwa maneno yake aliyolelewa nayo na bado zinapishana vile vile, ufike, uje, mkate, riziki. Kaka anaomba ya kwake ya kutoka moyoni kwanza, ndefu, halafu tunamalizia na Baba Yetu. Mama akifika maovuni hasemi Amina siku hizi. Anasubiri tumalize utukufu hata milele, ndo tunaisema wote.

Msomaji wenu wa siku nyingi