Vyombo vya hekaluni si mapambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja lililojitokeza katika makala yenu kuhusu sikukuu ya Diwali. Makala yenyewe ilikuwa ya heshima na sina ugomvi nayo. Kilichonikaa rohoni ni maelezo mafupi yaliyowekwa chini ya picha, ambamo vyombo saba vilivyopangwa juu ya kitambaa chekundu mbele ya madhabahu viliitwa "mapambo ya shaba". Nimehudumu katika hekalu moja la Wahindu hapa Kisutu kwa miaka 31, si kama kuhani bali kama mtu wa kuosha na kupanga vyombo, na katika hivyo saba sikioni hata kimoja kilichowekwa pale ili kipendeze macho.

Msomaji anayetaka kuvielewa vyombo hivi na aanze na jambo analolijua tangu utotoni, nalo ni namna ya kumpokea mgeni. Watu wa pwani hawampokei mgeni mikono mitupu. Hutengewa pa kukaa, huletewa maji, hufukiziwa udi kwa chetezo, hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, hulishwa, na zamani hakuondoka bila kutafuna tambuu. Ibada yetu ya puja, ikifanywa kwa ukamilifu, ina huduma 16, na ukizifuata kwa mpangilio wake utadhani unamtazama mwenye nyumba aliyefikiwa na mgeni mkubwa: anamkaribisha, anampa kiti, anampa maji ya miguu, ya mikono na ya kinywa, anamwogesha, anamvika, anampaka sandali iliyosagwa juu ya jiwe kama wanawake wa Kiswahili wasagavyo liwa, kisha yanafuata maua, ubani, taa na chakula, na katika mahekalu mengi hata tambuu yenyewe haikosekani. Mungu aliyekaribishwa katika sanamu huhudumiwa hivyo kila siku, na kila huduma ina chombo chake. Kwa hiyo anayeviita vyombo hivyo mapambo ni kama mtu aliyeingia katika nyumba yenye harusi, akaona chetezo na mrashi juu ya sinia, akaenda kuandika kwamba wenye nyumba ile wanapenda kukusanya shaba.

Sehemu kubwa ya puja ni kazi ya maji, na ndiyo maana vyombo vinne kati ya saba vya pichani ni vya maji. Lota ni kile chenye tumbo la mviringo na shingo fupi, ambacho huchotewa maji na kubebwa hadi madhabahuni. Kikombe kipana cha shaba nyekundu kinaitwa panchapatra, na kijiko kilicholala juu yake ni achamani. Kabla hajagusa kitu kingine chochote, kuhani huteka maji kwa kijiko hicho, akayatia katika kiganja cha mkono wa kulia na kuyanywa, tone kwa tone, mara tatu. Baada ya hapo kijiko hichohicho humhudumia mungu, na maji yanayotolewa hudondoka katika sahani ya shaba iliyo chini, ambayo sisi Wagujarati huiita trabhanu. Mwandishi wenu huenda aliidhani ni sahani ya chakula. Kazi yake ni kupokea maji yaliyokwisha kutolewa, kwa sababu hayafai kumwagwa mahali watu watakapoyakanyaga. Hupelekwa kwenye shina la mti, na kwetu ni mti wa tulsi, ambao ni ndugu wa mrehani mnaoujua. Yale aliyoogeshewa mungu waumini hupewa kijiko kimoja kimoja kiganjani, wakanywa, na mabaki wakayapaka kichwani.

Kuhusu madini yenyewe nina mengi ya kusema, maana hapo ndipo mikono yangu ilipochakaa. Maji hukaa katika shaba nyekundu, na wazee wetu hawakukubali chombo cha chuma kikaribie madhabahu. Lakini shaba nyekundu nayo ina mipaka yake: maziwa na mtindi haviwekwi humo. Dini inakataza, na hata asiyeijua dini ataona mwenyewe namna kitu kichachu kinavyoitoa shaba kutu ya kijani na kuharibu ladha. Kwa hiyo panchamrita, yaani mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, huchanganywa katika bakuli la fedha kwa walio nalo. Sisi wengine siku hizi tunatumia stili, na marehemu mama yangu angekunja uso.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuosha. Kila Jumamosi jioni alikuwa akiloweka ukwaju, akaukamua, akasugulia shaba pamoja na majivu yaliyochekechwa, akisuuza na kurudia mpaka chombo kitoe rangi kama ya jua linalotua. Nilidhani ni ujanja wa mama zetu wa Kisutu, ambako ukwaju hauna bei. Baadaye nilikuja kusoma habari za Wathathera, wafua shaba wa mji wa Jandiala Guru katika jimbo la Punjab nchini India, ambao ufundi wao wa kutengeneza vyombo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, nikakuta kwamba nao hung'arisha vyombo vyao kwa mchanga na maji ya ukwaju. Niseme pia, kwa faida ya wale wanaonunua dawa za kopo madukani, kwamba dawa hizo huacha harufu ambayo hupaswi kumpa mgeni yeyote katika maji ya kunywa.

Si kila chombo cha hekaluni ni cha madini. Katika hekalu la mungu Jagannath mjini Puri, hukohuko India, chakula cha mungu hupikwa katika vyungu vya udongo vinavyopandanishwa kimoja juu ya kingine kwenye moto wa kuni, na chungu kilichokwisha kupikiwa hakirudishwi jikoni, kwa sababu shaba husafishika kwa majivu na moto lakini udongo hunyonya. Mjini Ujjain, katika hekalu la Mahakaleshwar, joto la kiangazi likizidi hutundikwa mitungi yenye tundu dogo juu ya linga, yaani jiwe linalomwakilisha mungu Shiva, maji yakadondoka juu yake kutwa. Na upande wa pili kabisa kuna mitungi ya fedha ya Jaipur. Maharaja Madho Singh II alipoalikwa London mwaka 1902 kwenye sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, hakutaka kutumia maji ya ugenini, akasafiri baharini na maji ya mto Ganga katika mitungi ya fedha yenye ujazo wa takriban lita 4,000 kila mmoja. Miwili bado ipo katika kasri lake, na watalii hupigia picha kando yake. Hiyo, nakubali, inakaribia kuwa mapambo.

Taa ya pichani ni ya arati, yaani huduma ya kumzungushia mungu taa. Ina vikombe vidogo vitano, kila kimoja na utambi uliochovywa katika samli, na mpini wa kushikia. Kuhani huizungusha mbele ya sanamu kwa kufuata mwendo wa saa, akianzia miguuni, ili uso wa mungu uonekane vizuri. Tukumbuke kwamba chumba cha ndani cha mahekalu ya kale hakina dirisha, na taa ndiyo iliyomwezesha mtu aliyesimama nje kuona. Kisha taa hupitishwa kwa watu, nao huelekeza viganja juu ya mwali na kuvipeleka machoni na kichwani. Mahali pengine huwashwa kafuri, kwa kuwa huungua yote bila kubakiza majivu. Jirani yetu mmoja Mwislamu, mzee wa makamo, alipofika mlangoni mara ya kwanza na kuinusa, aliuliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Tulicheka sote tulipoelewana, lakini swali lake lilikuwa halali kabisa: kwao kafuri ni ya mayiti, kwetu ni ya mungu.

Wakati mkono wa kulia unazungusha taa, wa kushoto unatikisa ghanta, ile kengele ndogo ya mkono. Kazi yake ni kuwaita miungu na kuwafukuza mashetani, na kuhani hutamka hivyo kwa Kisanskriti kabla ya kuipiga. Tazama kichwa cha mpini wake utajua imetoka kwa nani. Ikiwa ni ndege Garuda aliyekunja mikono, ni ya wafuasi wa mungu Vishnu, na ikiwa ni ng'ombe dume Nandi aliyelala, ni ya wafuasi wa Shiva.

Chombo cha sita ndicho kilichonifanya nishike kalamu, kwa sababu hicho si shaba hata kidogo. Ni shankha, kombe la baharini, la aina inayovuliwa katika bahari iliyo kati ya Tamil Nadu na Sri Lanka. Kigoda chake tu chenye umbo la kobe ndicho cha shaba. Kuna shankha za namna mbili, na kuzichanganya ni kosa kubwa kwa mhudumu. Ya kupuliza imekatwa ncha ili pumzi ipite, na sauti yake ni kama ya baragumu. Ya maji haikukatwa, nayo hujazwa maji ya kumwogeshea mungu. Hapo pana tofauti baina yetu sisi kwa sisi: Wahindu wengi wa kaskazini hawathubutu kummiminia Shiva maji kwa shankha, ilhali Watamil wa kusini humwogesha kwa shankha 108, hata 1,008, katika Jumatatu za mwezi wao wa Karthigai. Sijawahi kuona pande hizi mbili zikikosana kwa hilo.

Lipo jambo lingine, nalo linahusiana na neno lenu kuliko linavyoonekana. Miezi michache iliyopita niliingia katika duka moja la vitu vya kale, ambalo sitalitaja, nikaona ghanta ya Garuda imefungwa bei ya dola kwa uzi na kuwekwa kati ya kufuli la zamani na kandili. Mwenye duka aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba ni pambo zuri la sebuleni. Kwenye kingo zake bado palikuwa na masalio ya sandali iliyokauka. Maana yake ni kwamba ilitoka mikononi mwa familia iliyokuwa ikiitumia, labda iliyohama, labda warithi wasiojua. Kwetu chombo kilichotoboka hakitupwi jaani wala hakiuzwi kama kipambo. Hupelekwa kwa mfua shaba kikayeyushwa, kikazaliwa chombo kingine. Na kilicho kizima hupelekwa katika hekalu lolote lililo karibu, ambako hakitakataliwa. Ninawaomba wanaofungua masanduku ya wazee wao wafanye hivyo kabla ya kumwita mnunuzi. Methali ya Baniani na kiatu chake tumeizoea, wala haituudhi, lakini kengele yake si dawa ya mtu wala si pambo.

Mwisho, ikiwa picha ile itachapishwa tena, naomba maelezo yake yasomeke hivi: "Vyombo vya puja. Kutoka kushoto: lota, panchapatra na kijiko chake achamani, trabhanu, ghanta, shankha juu ya kigoda, na taa ya arati." Kilichokatwa na picha upande wa kulia, ambacho kwenu limebaki jani moja tu la mwembe likichungulia, ni kalasha: mtungi wa shaba uliojazwa maji, ukazungushiwa majani matano ya mwembe mdomoni na kuwekewa nazi juu yake. Majani yale yalichumwa uani kwa yule jirani wa kafuri.

Wako,
Mwosha vyombo,
Kisutu, Dar es Salaam