Kamera haipimwi kwa megapikseli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu makala zenu za kulinganisha kamera za kidijitali. Kawaida mnaweka jedwali: hii ina megapikseli 24 (yaani nukta milioni 24 zinazounda picha), ile 33, ile nyingine 45, kisha mshindi anatangazwa. Mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake, na anayetaka kununua bodi moja (kamera bila lenzi) akae nayo miaka, jedwali hilo halimsaidii kuchagua.

Tufanye hesabu. Megapikseli 24 ni picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapa kwa pikseli 300 kila inchi, unapata karatasi ya sentimita 51 kwa 34. Ni wangapi kati yetu huchapa kubwa kuliko hiyo? Isitoshe, megapikseli ni hesabu ya eneo. Ukitoka 24 kwenda 33, upana wa picha unaongezeka kwa asilimia 17 tu. Ukitaka upana wenye pikseli mara mbili, unahitaji megapikseli 96.

Kitu cha kutangulizwa ni ukubwa wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera (wengi huita sensa, isichanganywe na ile ya kuhesabu watu). Cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Cha ukubwa uitwao APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6, na cha Micro Four Thirds 17.3 kwa 13. Kile kinachouzwa kwa jina la "inchi moja" ni 13.2 kwa 8.8, hata ukikipima kona kwa kona hupati inchi, maana jina lilirithiwa kutoka mirija ya kamera za zamani za televisheni. Kwa eneo, fremu kamili ni karibu mara nne ya Micro Four Thirds. Kwa tundu (mlango wa mwanga kwenye lenzi) lilelile na shata (muda wa kuingiza mwanga) ileile, inakusanya mwanga karibu mara nne, yaani stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Kwa hiyo chenga, yaani punje zinazochafua picha, za ISO 1600 (ISO ni namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga) kwenye kihisi kidogo hufanana na za ISO 6400 kwenye kikubwa. Lakini kidogo nacho kina faida yake: lenzi ya milimita 300 juu ya Micro Four Thirds inaona kama ya 600 kwenye fremu kamili, na mpiga picha za ndege atakushukuru kwa kilo alizopunguziwa begani.

Mkitaka kulinganisha kwa haki, fungeni kamera zote kwenye tripodi mbele ya kitu kisichotikisika. Rafu ya vitabu vya rangi mbalimbali inatosha, na kitambaa cheusi kining'inizwe pembeni. Zimeni kitulizi cha mtikisiko, kwani baadhi ya vitulizi vikiwa juu ya tripodi huhangaika na mtikisiko usiokuwepo. Wekeni taima ya sekunde mbili, faili ghafi (picha ambayo kamera haijaitengeneza) na tundu f/5.6, kisha kuzeni picha kwenye skrini mfokasi kwa mkono. Jambo linalosahauliwa ni shata: lazima iwe ileile kwa kamera zote, kama mwanga ulivyo uleule. Msitegemee namba za ISO peke yake, kwa sababu viwango vya kimataifa vinampa mtengenezaji uhuru wa kujipangia. Kamera inayoandika 6400 inaweza kuhitaji mwanga mwingi kuliko nyingine yenye namba hiyohiyo, na hapo ushindi wake juu ya chenga ni wa bure.

Picha zikishapatikana, msizitazame kila moja kwa asilimia 100. Ya megapikseli 45 itaonekana ina chenga kuliko ya 24 kwa sababu tu imekuzwa zaidi. Zipunguzeni zote zifike upana mmoja, tuseme pikseli 4000, ndipo mhukumu. Halafu pigeni nyingine kwa ISO 100 mkipunguza mwanga stopu nne, muuinue kwenye programu, na mkitazame kile kitambaa cheusi. Kihisi kizuri kinarudisha nyuzi zake. Dhaifu kinaleta madoa ya zambarau, wakati mwingine na mistari ya kulala. JPEG haionyeshi haya, kwa sababu kamera imeshalainisha kila kitu kabla hujaona.

Kuna kasoro nyingine ambayo sijaiona hata mara moja kwenye majedwali yenu: kasi ya kihisi kusomwa. Shata ya kielektroniki haina kelele, na wanunuzi huipenda kwa ajili ya sherehe na ibada. Lakini kamera nyingi za bei ya kati husoma kihisi mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kazi hiyo inaweza kuchukua hata sehemu ya 1/15 ya sekunde. Taa nyingi za LED kwenye umeme wa hezi 50 hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Gawanya: ndani ya usomaji huo mmoja taa imepanda na kushuka mara sita na ushei, na kwa shata ya 1/500 utapata milia sita au saba ya giza na mwanga ikikata nyuso za watu. Kuweka 1/100 au 1/50 hupunguza milia, ila anayecheza dansi atatoka na ukungu. Shata ya mitambo hupita mbele ya kihisi kwa takriban 1/250, kwa hiyo milia haijipangi namna hiyo, ingawa picha moja inaweza kuwa na giza kidogo kuliko inayofuata. Jaribio lake ni dakika moja chini ya taa. Na mkisifu kitulizi, wakumbusheni wasomaji kwamba kinatuliza mkono wa mpigaji tu. Hakimtulizi mtoto anayekimbia.

Kuhusu "picha 10 kwa sekunde", swali ni kwa sekunde ngapi. Faili ghafi zisizobanwa za biti 14 kutoka megapikseli 24 ni kama megabaiti 420 kila sekunde kwa mwendo huo, wakati njia ya kadi za kumbukumbu za UHS-I haivuki megabaiti 104 na UHS-II 312. Akiba ya ndani ikijaa, kamera inakwama. Bonyezeni, hesabuni picha hadi ipunguze mwendo, mwandike namba hiyo.

Tahadhari moja juu ya adapta: lenzi za Nikon za AF-D, zinazozungushwa na mota ya bodi, hazifokasi zenyewe kwenye bodi mpya za Nikon Z kupitia FTZ, adapta ya kuunganisha lenzi za zamani, kwa sababu adapta hiyo haina mota.

Wasomaji wengi hununua kamera iliyotumika, na hao hamjawaandikia. Waambieni wapige ukuta mweupe kwa f/16 na fokasi ikiwa imevurugwa: vumbi la kihisi litatokea kama madoa ya kijivu yasiyohama. Wafunike lenzi wapige sekunde 30, kupunguza chenga kukiwa kumezimwa, wahesabu nukta zinazong'aa, yaani pikseli zenye hitilafu. Lenzi nayo ifunguliwe tundu lote, tochi imulike kutoka nyuma. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu ikishakula rangi ya kinga juu ya kioo, usafi huondoa uzi lakini alama inabaki. Lenzi ya namna hiyo inaweza kutoa picha safi kabisa jua likiwa mgongoni mwa mpigaji. Ielekezwe kwenye taa, na weusi wote unageuka kijivu.

Mpenzi wa picha,
Msomaji wa gazeti lako