Ndoa nayo ina mwaka wake

Ndugu Mhariri,

Naandika programu hapa Morogoro. Mwaka huu nimeuingiza ukoo wetu kwenye Neo4j, hifadhidata inayotunza vitu pamoja na uhusiano wake, kwa lugha ya programu ya Java: kila ndugu ni nodi, yaani nukta, na kila undugu ni mshale wenye jina. Zamani, kwenye majedwali, kutoka kwangu hadi binamu wa bibi niliunganisha jedwali lilelile mara sita! Sasa nafuata mishale tu.

Ndoa ndiyo iliyonikesha siku mbili. Mwaka wa kuoana si wa mume wala wa mke, ni wa ndoa yenyewe, yaani wa mshale unaowaunganisha. Katika Spring Data Neo4j, zana ya kuunganisha programu ya Java na Neo4j, ndoa huundiwa klasi yake (kiolezo cha data) yenye alama ya @RelationshipProperties, inayoonyesha kwamba mshale huo una taarifa zake.

Walimu wa vyuo, tafadhali wafundisheni vijana hili mapema, tena kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Morogoro