Kuchemsha maji hakuondoi shaba

Mhariri,

Mto Nyamwamba unapofurika, wakazi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, husisitiziwa wachemshe maji. Kwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ushauri huo ni sahihi na usiachwe. Kwa madini yanayotoka kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, haufai kitu. Ukiinjika lita 10 zikabaki 9, shaba yote iliyokuwamo ndani ya lita 10 sasa imo katika hizo 9, kwa sababu mvuke haubebi madini.

Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, na mabaki yake yakaachwa bondeni, mengine ukingoni kabisa mwa mto. Yana mchanganyiko wa chuma na salfa. Yakipata hewa na maji, hutengeneza asidi ya salfuri, nayo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli. Kila furiko, yakiwemo yale makubwa ya Mei 2013 na Mei 2020, huyamega na kuyashusha kuelekea Ziwa George.

Kwa hiyo visima vilivyo karibu na mto vipimwe madini, si vijidudu peke yake. Na upimaji wenyewe ufanywe sawasawa, maana hapo ndipo mengi huharibika. Piga pampu dakika tano hadi kumi kwanza, la sivyo utapima maji yaliyolala ndani ya bomba la chuma. Pima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), palepale kisimani, kwani hubadilika njiani. Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyosuuzwa kwa asidi maabara. Usiyachuje maji, kwa kuwa wanywaji hawayachuji. Kisha tia asidi safi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Hatua hii ikirukwa, madini hunata kwenye kuta za chupa, na maabara itatoa jibu zuri lisilo la kweli. Sampuli ya vijidudu iwe na chupa yake, isiyo na asidi, iwekwe kwenye barafu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita, na 0.07 za nikeli. Kwa kobalti halijaweka, hivyo kisima kilinganishwe na kingine kilicho upande wa juu wa mto, kabla haujafika mgodini.

Nyumbani, doa la kijani-samawati kwenye saruji chini ya bomba ni dalili ya shaba. Hata hivyo, maji maangavu yasiyo na ladha yanaweza kuwa na nikeli. Chujio la udongo huzuia matope na vijidudu, lakini madini yaliyoyeyuka hupita. Klorini nayo haiyagusi. Njia nafuu ni maji ya mvua: mwaga nusu lita ya kwanza kwa kila mita ya mraba ya paa. Bati la mita 40 za mraba ni jerikeni moja ya lita 20. Yanayofuata ndiyo ya kukinga, na haya ndiyo ya kuchemsha.

Tunaiomba wilaya ibandike majibu ya vipimo kwenye kila kisima, kwa Lukonzo na Kiswahili, yakiwa na tarehe na namba zenyewe. Neno “salama” peke yake halimwambii mama aliyebeba jerikeni ni nini kilichopimwa.

Mafundi wa maji,
Kasese