Kwa Baba Neema, kuhusu kipaimara na yale masale

Minneapolis, Novemba

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku wazima, baridi imeanza, tumeshazoea. Ujumbe wako wa pesa ya kipaimara cha Neema nimeupata, na wa pili, na wa tatu. Nilichelewa kujibu kwa sababu habari za kikao zilinifikia kabla yako, nikaogopa kukuandikia kwa hasira.

Kwanza yangu: nimefaulu mtihani wa uuguzi! Zamu ya usiku sasa naisimamia mimi. Wazungu wananiuliza wafanyeje, binti wa Machame nawaelekeza. Mwambie Mama asitangaze kanisani kabla sijaona mshahara mpya.

Sasa nisikilize. Kuna babu hapa hasikii vizuri na kumbukumbu zimemtoka. Kabla ya kumgeuza kitandani nabisha hodi, nainama hadi macho yetu yakutane, namwambia, "Naweka mkono begani." Ndipo naweka. Ukimshika ghafla anashtuka na kurusha ngumi. Uji namlisha kijiko kimoja, naangalia koo mpaka limeze, ndipo cha pili. Huyo si wa ukoo wetu, wala hanijui jina.

Na wewe, mzee wa kanisa, unamfokea Ba Mdogo kikaoni mbele ya wakwe zako kwamba ni mwizi wa kihamba, shamba letu la ukoo! Ba Mdogo aliyekulipia ada, ambaye sikio la kushoto lilishakufa. Kesho yake unang'oa masale, ile mimea ya mpaka ambayo kwetu jani lake ndilo la kuombea radhi. Masale! Inawezekana haki ni yako, sikatai. Hata marehemu Baba alilalamikia ile migomba. Lakini Paulo alimwambia Timotheo mzee asimkemee, amwonye kama baba. Kuonya hakujakatazwa. Ungemfuata kwake jioni, ukakaa upande wa sikio zima, mkaongea wawili.

Eti wewe ni mtu wa msimamo. Mbona mbele ya mkuu wa jimbo huo msimamo hatuusikii?

Nenda ukayapande upya. Jani moja la isale mpelekee mkononi, umwombe radhi kama tulivyolelewa. Na usiniletee habari kwamba hiyo ni mila, siyo wokovu. Kumtukana mzee ndiyo wokovu?

Juzi nimepika mtori kwa ndizi za duka la Wamexico. Mtoto kala, mimi nimeshindwa. Desemba hii pia siji, likizo wameninyima.

Pesa ya mbuzi na ya gauni nimemtumia Mama, siyo wewe. Ya maturubai nitatuma Ba Mdogo akinipigia mwenyewe kwamba mmeelewana. Kadi yake aipeleke Neema, asitumwe bodaboda. Na siku yenyewe yeye ndiye aombee chakula, hata akichukua nusu saa kama kawaida yake.

Msalimie Mama Neema. Ile dawa ya mgongo ya Mama ameipata?

Dada yako,
Mama Eliya