Fangasi wa gome la mwembe si mmoja jamani

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri. Ukurasa wenu wa kilimo umeandika tena kuhusu miembe inayokauka kuanzia nchani na ushauri ni uleule wa siku zote, "ni fangasi, piga dawa". Mimi nina miembe huku Mkuranga, msimu uliopita mmoja ulianza kutoa utomvu mweusi shinani, nikabandua gome kwa kisu nikakuta kahawia imezama mpaka ndani kama chai iliyomwagikia ubao, duka la pembejeo wakaniuzia mrututu nikapiga mara tatu, hela ikaisha na tawi likafa vilevile.

Kijana wangu yuko chuo anasomea kilimo, ndo akanifungua macho. Kumbe fangasi anayetajwa sana kwenye ugonjwa huu, Lasiodiplodia theobromae, anaweza kuishi ndani ya mti kimya kabisa, mti unazaa vizuri tu, halafu likija jua kali au ukaukata hovyo ndo anaamka, jeni zake zinatoa vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za seli na gome linaoza. Sasa dawa ya kupuliza juu itamfikia saa ngapi mtu aliye chumbani?

Halafu kuna hili la jina. Lilianzia 1892 kwa fangasi wa kakao kule Ecuador, na miaka mingi watu walikuwa wanaangalia hadubini tu, wakiona vijimbegu vyake vya kuzaliana, vya kahawia vyenye vyumba viwili na mistari, basi wanasema ni huyohuyo. Waliposoma vinasaba ikaonekana ni ukoo mzima, 2008 wakatolewa Lasiodiplodia pseudotheobromae na Lasiodiplodia parva, na wengine wakafuata. Yaani ni kama kijiji kizima mlikuwa mnakiita Juma. Brazil kwenye miembe yao wamekuta spishi kadhaa na ukali wao haulingani, sisi huku tunaambiwa "fangasi" basi.

Kinachoniuma zaidi ni miche ya kubebesha. Kikonyo, kile kijiti cha kuunganishia kwenye mche, kikikatwa kwenye mti mama wenye huyo mgeni kimya, mche unakuja naye mpaka shambani kwako, na wewe umeulipia, maana kitaluni unaangalia majani na urefu tu, mengine utayajuaje. Sisemi kila mkulima apime, sina wazimu, nasema ile miti mama ipimwe vinasaba, PCR ileile tuliyoizoea wakati wa korona, na wachukue vijiti vya pande zote za mti maana kijiti kimoja hakiwezi kuusemea mti mzima.

Kwa sasa mimi nakata tawi bovu mpaka nifike kwenye mti mweupe, msumeno unaingia kwenye jiki kabla ya kwenda mti mwingine, na nakata kiangazi kwa sababu mvua ndo inavisambaza vile vijimbegu.

Ombi langu, andikeni ni maabara gani inapokea sampuli za wakulima wa kawaida na bei yake. Gome langu lipo tayari, nimeambiwa nisiweke kwenye nailoni litaota ukungu mwingine, kwa hiyo nimelifunga kwenye karatasi, ule ukurasa wenu wa "piga dawa".

Mkulima wa maembe,
Mkuranga