Uliza mwezi kabla ya kuuliza bei ya banda

Mhariri,

Ukurasa wenu wa matembezi umekuwa ukiwahimiza wasomaji, hasa vijana wa Nairobi na Mombasa, waje wakae peke yao siku mbili tatu katika banda dogo la makuti huku Lamu. Hatuna ugomvi na ushauri huo; mabanda haya ndiyo riziki yetu. Tunalolalamikia ni kwamba mnachapa picha ya machweo, chini yake bei ya usiku mmoja, basi. Anayekuja mara ya kwanza, tena peke yake, hana mwenzake wa kumshikia ndoo wala wa kumwambia "ngoja kwanza". Mngemwandikia habari za maji.

Maji yenyewe ni ya namna mbili, ya bahari na ya kunywa. Tuanze na ya bahari, maana wengi hukosea hapo kabla hata hawajafunga begi.

Mabanda mengi ya upande wa Kipungani na Matondoni, na yale ya ndani ya vijito vya Manda, yamejificha nyuma ya mikoko. Boti haifiki kila saa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, yaani siku ya nane na ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, huwa maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu mita 1. Pwani hii maji ya bamvua hujaa saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukauka saa nne kwenda saa tano. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo ratiba ya maji, ila pengine hajui.

Mgeni huchagua Ijumaa kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya mwezi. Tuseme Ijumaa hiyo ni mwezi pili. Anafika gati ya Mokowe saa tisa, anapanda boti, na saa kumi na nusu kijito kimejaa pomoni. Anashukia mlangoni bila kulowa kisigino. Anafurahi, anamwambia nahodha, "Jumapili nifuate saa nne, nina basi." Jumapili ni mwezi nne. Maji yamejaa saa kumi na mbili asubuhi na yatafika chini kabisa saa sita mchana. Saa nne kijito kimebaki tope na utando wa maji ya kufika kwenye vifundo, na nahodha, hata umwongeze nauli mara tatu, hana la kufanya ila kusubiri hadi saa nane au saa tisa. Basi limekwenda. Jumapili kama hiyo mtu aondoke kabla ya saa mbili asubuhi, au alale usiku wa tatu. Saa hizi ni za kukisia, nahodha ndiye atakayekupa za kijito chake. Lakini anayempigia simu akiwa tayari anajua ni mwezi ngapi hujibiwa kwa dakika moja, na hatapewa "njoo tu, tutaona".

Maji mafu yana tabia nyingine. Hayajai sana wala hayakauki sana, kwa hiyo hori, mtumbwi mdogo wa kusukuma kwa mti mrefu uitwao pondo, hupita karibu saa yoyote, ila boti kubwa huenda isifike kabisa mlangoni. Hapo utashuka mbali na kutembea. Usishuke na kandambili: tope la mikoko huzinyonya, na ukizikosa utakanyaga chaza walioshika kwenye mizizi, wakali kama wembe. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba. Penye mchanga ndani ya maji buruza nyayo, usiinue miguu. Samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, akisikia mburuzo huondoka, akikanyagwa huchoma. Akichoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku ukitafutiwa usafiri wa hospitali.

Kuogelea pia kuna saa yake. Mkono wa bahari kati ya Shela na Manda maji yakitoka huvuta kuelekea bahari kuu, na aliye peke yake hana wa kumpigia kelele. Oga maji yanapojaa, karibu na watu. Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi, hauna kivuli wala kisima. Anayetaka kuutembea aanze maji yanapokupwa, mchanga ungali mgumu, na aweke kiasi cha maji ya kunywa cha kurudia, si cha kwendea tu.

Sasa maji ya kunywa. Kwa joto letu mtu mmoja ahesabu lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 12 kwa siku tatu, na akiba ya siku moja juu yake kwa ajili ya ile boti ya saa nne isiyokuja. Usibebe mtungi wa lita 20. Maji hayo ni kilo 20, na tofauti ya kuubeba gatini na kuubeba kwenye tope la magoti utaijua ukishaanguka. Chukua miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, mwili hukaa sawa.

Ya kuogea na kuoshea vyombo yatatoka kisimani au kwenye jabia, yaani birika la kuwekea maji. Uliza mapema ni kipi. Maji ya jabia ni ya mvua, ni matamu, lakini mwezi wa Machi huenda limebaki tope. Ya kisima kwenye visiwa hivi huwa na chumvichumvi, na kuna sababu: maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya mchanga. Teka kwa kindoo kidogo, taratibu, juujuu. Anayezamisha ndoo kubwa na kuchota kwa pupa hukoroga ya chini yakapanda, na mchana kutwa kisima huwa cha chumvi kwake na kwa jirani. Ndiyo maana pampu za majumba makubwa huzua maneno Shela, ambako vilima vya mchanga ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Na jambo moja wageni hawalitarajii: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvi. Ukichemsha sana, maji hupungua na chumvi huzidi kukolea. Acha yachemke kwa nguvu dakika moja, yatosha.

Kuhusu banda lenyewe, fika mchana ulikague. Paa la makuti lisilo na mwinamo mkali halimwagi maji, huyashika yakaoza. Lililosimama nusu ya pembe ya ukuta, yaani digrii 45 au zaidi, ndilo la kuaminika. Lala chali kitandani utazame juu. Vitundu vya mwanga vilivyotawanyika havina neno. Mwanga uliojipanga mstari mmoja kando ya fito maana yake kamba iliyoshika kuti imeoza au panya ameikata, na mvua itaingia hapohapo. Sogeza kitanda kabla ya giza. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, banda lililoachwa wazi upande wa bahari hujaza mchanga kwenye sufuria. Omba lenye kiambaza upande wa kusini. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, bahari ni laini zaidi lakini joto ni kali, na hapo uwazi huohuo utauombea dua. Upepo ukilala, katika maleleji, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, mbu hutamalaki. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote nne kabla jua halijazama. Na ukirudi bara ukapata homa wiki moja, mbili au zaidi baadaye, mwambie daktari umetoka Pwani, upimwe malaria siku hiyohiyo.

Moto ndio unaotunyima usingizi sisi. Makuti makavu yakishika hayasubiri mtu avae. Mshumaa marufuku, hata uwe kwenye kopo. Taa ya sola inatosha. Dawa ya mbu ya kuchoma ikae nje, juu ya sahani yenye mchanga, upande ule upepo unakokwenda. Meko ya gesi ya kilo 6 iwekwe nje, hatua nne au tano kutoka ukutani, na ndoo ya mchanga na ndoo ya maji zisimame mlangoni zikiwa zimejaa. Mafuta ya kukaangia yakiwaka usimwagie maji, yatarukia paa. Funika kwa kifuniko na uzime gesi. Usiku wa mvua kuna kishawishi cha kuingiza jiko la makaa ndani, ama kukausha nguo ama kufukuza mbu. Usithubutu. Banda ambalo kwa ndani limetandikwa turubai au nailoni halipumui tena kama makuti matupu, na hewa mbaya ya makaa haina rangi wala harufu. Aliye peke yake akilegea hakuna wa kumtoa nje.

Chakula tusikikuze. Leta vitu vyako kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana: haiingii maji botini, panya na sisimizi hawaifungui, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Mchele nusu kilo, nazi mbili, ndimu, chumvi, tende, mikate ya mofa. Mbuzi ya kukunia nazi utaikuta. Samaki nunua asubuhi, nusu kilo, umle siku hiyohiyo. Nguru na jodari wakikaa juani saa chache hujenga sumu ambayo moto hauiui. Ukiona uso umewaka na kichwa kinagonga baada ya kula, si "mzio wa samaki" tu, ni samaki aliyechelewa. Bila friji, mbadala ni ng'onda, samaki aliyekaushwa. Taka zote zirudi mjini nawe, maana punda wa Lamu hula hata karatasi ya nailoni, na humdhuru.

Tumefika kwenye upweke wenyewe, ambao magazeti huupamba zaidi ya yote. Usiku wa kwanza mtu hasumbuliwi na upweke, husumbuliwa na sauti asizozijua. Majani makavu yanaparuriwa kando ya ukuta, yanatulia, yanaparuriwa tena: ni kaa. Darini kuna mlio mfupi wa kugongagonga kama ulimi: mjusi kafiri, na heri yako, anakula mbu. Kutoka kwenye mikoko maji yanapokupwa husikika vitu vinapasukapasuka, tik, tik, kama vidole vinavyoaliwa. Ni viumbe vidogo vya topeni tu. Kilio kirefu kama cha mtu anayekabwa, saa nane usiku, ni punda. Kaa nje kuanzia magharibi hadi giza liingie kabisa, uzisikie moja moja huku bado unaona. Anayejifungia saa kumi na mbili na simu yake huanza kuzisikia zote kwa mpigo, na hapo ndipo nahodha hupigiwa simu usiku wa manane maji yakiwa yamekauka.

Mwanamke anayekuja peke yake aulize bila haya: nani mwingine ana ufunguo, komeo la ndani lipo, na nyumba ya karibu iko umbali wa sauti au umbali wa safari? Mwenye banda anayeudhika kwa maswali haya mwache na banda lake. Asiyeudhika, patana naye ishara: taa mlangoni saa moja usiku, isipoonekana anakuja kupiga hodi. Namba 112 na 999 zipo, lakini jirani ana mtumbwi. Kwa hiyo kabla ya kufungua begi nenda ukasalimie, umevaa kwa stara. Utaulizwa, "Mwanangu, umekuja na nani?" Huo si umbeya, ndivyo watu wanavyokuweka kwenye hesabu yao. Na asubuhi ukiletewa mahamri na mbaazi, ile sahani usiirudishe tupu.

Njiani kuja, barabara ya Garsen na Witu isafiriwe mchana, kitambulisho kikiwa mfukoni, si chini ya begi.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Kila mnapotangaza banda, karibu na bei muandike mambo manne: mwezi utakuwa ngapi wikendi hiyo na maji yatajaa saa ngapi, maji ya kunywa yatoka wapi, jiko liko ndani au nje, na jirani wa karibu yuko umbali gani. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni picha ya machweo.

Watunza mabanda,
Kipungani, Lamu